Ovaroli Si ya Kuchafulia Tu

Vaa ovaroli, pita nayo Mnara wa Saa hapa Arusha saa nne asubuhi, na mtu wa kwanza anayekufahamu atakuuliza gari la nani limekufa. Wa pili atataka kujua umepata kazi kiwanda gani. Hawana ubaya. Kwetu ovaroli ina wenyewe: fundi gereji, mchomeleaji, kijana wa kituo cha mafuta, mwanafunzi wa VETA akiwa karakana. Ukionekana nayo na kucha zako ni safi, watu wanahisi kuna jambo unawaficha.

Mimi nasema ovaroli iliyoshonwa ikashoneka ni bora kuliko nusu ya nguo zilizojaa makabatini mwetu, na inampendeza mtu kwa sababu ileile inayofanya idharauliwe: ilikatwa kwa ajili ya kazi. Mifuko yake iko pale mkono unapofika, na mishono yake ni minene pale nguo inapovutwa. Anayeivaa vizuri ni yule aliyelielewa hilo akaiacha nguo ijieleze. Anayeivaa vibaya ni aliyenunua umbo la ovaroli lililoshonwa kwa kitambaa cha pazia, lenye maua begani na zipu ya plastiki, kisha anashangaa mbona haikai.

Kuhusu dharau, mkoa huu una historia yake. Mwaka 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni ya kuwabana Wamaasai waache lubega wavae suruali, kwa hoja kwamba taifa changa linajengwa na watu waliovaa kisasa. Leo shuka hilohilo jekundu linauzwa madukani kwa watalii, walinzi wa hoteli wanalivaa kama sare, na Julai baridi ikikaza utamkuta kijana wa Sakina asiyejua neno moja la Kimaasai amejifunika nalo kwenye bodaboda. Hakuna tangazo lililotolewa kwamba sasa ruksa. Nasema hivi kwa wale wanaoamini kwamba nguo ikishakuwa ya watu wa chini haipandi tena.

Na ovaroli ilishapanda mara kadhaa huko ilikotoka. Ilianza kama vazi la kuvaliwa juu ya nguo nyingine ili kuzikinga na uchafu. Mwaka 1873 fundi cherehani wa Reno, Nevada, aitwaye Jacob Davis, na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza ya Marekani, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya kukazia mifuko kwa ribiti, kwa sababu vibarua aliokuwa akiwashonea walikuwa wanaichana kwenye pembe. Hamilton Carhartt alianza Detroit mwaka 1889, akilenga wafanyakazi wa reli. Mwaka 1913 kampuni ya Lee ikaleta Union-All, koti na suruali vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja, ambayo ndiyo baba wa hizi za bluu tunazoziona gereji. Miaka saba baadaye, mjini Florence nchini Italia, msanii aliyejiita Thayaht alibuni vazi la kipande kimoja akaliita TuTa, na mchoro wa kulikatia ukachapishwa kwenye gazeti la La Nazione ili kila mwenye mkasi ajikatie. Halafu kuna Winston Churchill. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa na ovaroli zake za zipu, nyingine zikiwa za mahameli, na alizivaa hadi Ikulu ya Marekani. Waziri mkuu wa dola iliyokuwa inatutawala alitembea Washington na nguo ambayo hapa kwetu mtu anaivua kabla ya kwenda kununua mkate.

Turudi kwenye nguo yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu.

Ovaroli nzuri huijui kwa kuitazama ikiwa imetundikwa. Igeuze ndani nje. Anza na mshono wa ubavuni na wa ndani ya mapaja. Kwenye nguo iliyoshonwa kwa akili, kingo mbili za kitambaa zimekunjwa zikashikana moja ndani ya nyingine, kisha zikapigwa nyuzi mbili sambamba, wakati mwingine tatu. Hakuna ukingo unaochungulia, hakuna uzi unaoning'inia. Kwenye nguo ya haraka utakuta kingo mbili zimelazwa pamoja na kupigwa ovaloki, basi. Ovaloki inazuia kitambaa kisifumuke. Haikupewa kazi ya kubeba uzito. Siku utakapochuchumaa kwa nguvu utaisikia.

Kisha angalia pembe za mifuko. Panatakiwa pawe na ribiti, au mshono mnene mfupi uliokwenda na kurudi mpaka ukawa kama kijiti. Kwa zile za mikanda ya mabegani, nenda mgongoni mahali mikanda inapokutana: pale panavutwa mchana kutwa, na pasipokuwa na kitambaa cha ziada kilichoshonewa kwa ndani, patachanika kabla ya mahali pengine popote. Bizimu ziwe za chuma. Za bati jembamba hupinda, na mkanda unakuwa unateleza kila ukiinama. Kwa zile za mikono mirefu, kunja mikono yako kifuani kama mtu anayesikia baridi. Mgongo ukikubana, hakuna mikunjo iliyoachwa nyuma ya mabega kwa ajili ya kufunguka. Inua mikono juu. Suruali yote ikipanda nayo, makwapa yamekatwa vibaya, na hakuna fundi atakayeyarekebisha kwa bei ya kueleweka.

Ukaguzi huu ufanyie mitumba kwanza. Kule Memorial, Moshi, au hapa Kilombero balo likifunguliwa, ovaroli za kazi kutoka Ulaya huwa hazigombaniwi kama jinzi na jaketi, kwa hiyo unachagua bila kusukumwa. Nyingi zina jina la kampuni mgongoni ambayo hakuna anayeijua hapa. Nyingine zina mifuko miwili ya ajabu magotini iliyo wazi kwa juu; ni ya kuingizia sponji ya kukinga magoti ya wajenzi na mafundi vigae. Usiishonee wala usiikate. Goti lenye kitambaa maradufu ndilo linaloipa nguo hiyo sura yake, na ndilo litakalokuwa la mwisho kutoboka. Nembo ya mgongoni inafumuliwa kwa wembe, taratibu, uzi mmoja mmoja. Itaacha alama ya kivuli pale rangi haikupauka, nami naipenda alama hiyo kuliko nembo.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikakunja uso kuhusu AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, Tanzania ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko. Katika kelele zote zile tulizungumzia ajira na ushuru. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza kwa nini ovaroli iliyovaliwa miaka na fundi bomba wa Ujerumani, ikafuliwa, ikabanwa kwenye balo, ikavuka bahari, bado ina mshono mzima kuliko mpya iliyotundikwa dukani.

Usipopata ya mtumba inayokutosha, na wengi hawapati kwa sababu miili ya walioshonewa siyo yetu, nenda kwa fundi. Hapa Arusha na Moshi tunajiona tumebahatika, na ni kweli: bado kuna mafundi wa barazani wenye cherehani za kukanyaga ambao wamekata sare za gereji, za shule na za hoteli maisha yao yote. Nilimkuta mmoja Kaloleni, mzee wa makamo, akihudumia binti aliyekuja na picha kwenye simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Ya kazi au ya kuvaa?"

"Ya kuvaa."

"Basi nitakushonea ya kazi, halafu wewe uivae."

Alivyompima ndicho nilichotaka wasomaji wakione. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, hayo kila fundi hufanya. Kisha akamwita mkewe aliyekuwa anapiga vifungo pembeni ashike tepu upande mmoja. Ilianzia juu ya bega, ikashuka mbele, ikapita katikati ya miguu, ikapanda mgongoni mpaka bega lilelile. Akamwambia binti akae kwenye kigoda, na tepu ikiwa palepale mkewe akasoma tena. Namba ikaongezeka. "Sasa inama kama unaokota sarafu." Ikaongezeka tena. Fundi akaandika hiyo ya mwisho kwenye daftari, akaongeza vidole vinne.

Kipimo hicho kimoja ndicho kinachotenganisha ovaroli ya kuvaa na ovaroli ya kuvumilia. Suruali na shati vina mpaka kiunoni. Ukiinama, shati linachomoka na mambo yanaendelea. Ovaroli haina pa kuchomokea. Ikiwa fupi kiwiliwili, inakukata katikati ukikaa kwenye Hiace ya kwenda Moshi, na utafika umesimama nusu. Ikiwa ndefu mno inaning'inia mapajani. Za dukani zimepangwa kwa kifua na urefu wa mtu, na watu wawili wenye urefu sawa mmoja anaweza kuwa na miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu. Fundi asipokupima hivyo, mwombe. Akikushangaa, tafuta mwingine.

Sasa uvaaji. Sina mengi, kwa sababu nguo yenyewe imeshasema mengi na kazi yako ni kutoiingilia. Rangi: bluu iliyokolea, kaki, kijani cha jani kavu, nyeusi kama huna watoto wadogo. Ya chungwa yenye mistari ya kung'aa waachie wajenzi wa barabara. Pale rangi ni usalama wa mtu, siyo mtindo. Ndani vaa kitu kimoja kilichotulia. Fulana nyeupe isiyo na maandishi inatosha siku nyingi. Shati la kola lililopigwa pasi chini ya ovaroli ya mikanda linakupeleka hadi ofisini siku ya Ijumaa, kama bosi wako si wa kutisha. Shati la kitenge chini ya ovaroli ya bluu tupu ni zuri kuliko watu wanavyodhani, mradi kiatu na mkoba visianze kushindana nalo. Juni na Julai ndio miezi yake hasa: sweta la shingo ndefu ndani, ovaroli nzito juu, na huhitaji jaketi mpaka usiku.

Miguuni nina upendeleo, nao ni katambuga. Viatu vya matairi na ovaroli iliyokunjwa pindo mara mbili juu ya kifundo ni mavazi ya Arusha kabisa, na hakuna mji wa Ulaya unaoweza kutuambia tumewaiga. Buti nazo sawa. Raba nyeupe zinakubali, ingawa kila mtu anazo. Viatu vya ngozi vya kuchongoka, hapana.

Wale vijana wa gereji wanaovua upande wa juu na kufunga mikono kiunoni jua likishapanda, watazame vizuri. Wanafanya kwa sababu ya joto, na wamependeza kuliko kijana aliyelipia mwonekano huohuo. Fundo liko mbele, limelegea, mikono inaning'inia bila kulingana. Fanya hivyohivyo, usilitengeneze fundo kwenye kioo. Mtindo wa kuachia mkanda mmoja uning'inie, uliovumishwa na vijana wa rap wa Marekani miaka ya 1990, bado una wapenzi wake mjini hapa. Mimi naona mkanda usiofungwa unaharibu mlalo wa kifua, lakini sitagombana na mtu wa Chuga kuhusu miaka ya 1990.

Usijaze mifuko. Simu, funguo, pochi, chaja, yote kwa sababu tu kuna mifuko mingi, na utaonekana umebeba mizigo ya watu. Harusini usiende nayo, msibani usiende nayo, na kanisani inategemea mchungaji.

Kuna jambo ambalo wanaosifia ovaroli huwa hawalitaji, nalo ni choo. Dada mmoja aliniambia anazipenda mno na hana hata moja, kwa sababu hiyo tu. Choo cha kuchuchumaa, sakafu imelowa, mlango hauna msumari wa kutundikia, na wewe unatakiwa kuvua hadi magotini huku umeshika mikono ya nguo isiguse chini. Kwa ile ya zipu ni kazi ya mikono mitatu. Kwa ile ya mikanda ni afadhali kidogo: vuta mikanda mbele ya mabega kabla hujafungua, ifunge pamoja kifuani, shuka nayo yote. Lakini dawa ya kweli iko kwa fundi. Baadhi ya ovaroli walizovaa wanawake wa viwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa na kitako kinachofunguka kwa vifungo kiunoni, mbele kukibaki kumefungwa. Mkanda mpana wa kitambaa unapita juu ya vifungo na hakuna anayejua. Mafundi wetu wanaweza kukata hivyo bila shida. Wengi hawajawahi kuombwa. Mama anayenyonyesha naye aombe kifua kinachoshuka kwa bizimu badala ya zipu.

Linabaki suala la kitambaa, na hapa ndipo ninapokata tamaa kidogo. Fundi unaye, vipimo unavyo, unaingia duka la vitambaa unaonyeshwa drili nyepesi iliyochanganywa polyester kwa wingi. Inang'aa, haikunjamani, ni rahisi kufua. Pia haipumui, inashika jasho, na haikunjiki vizuri magotini hata ikae miaka. Kwa mchomeleaji ni hatari kabisa, maana cheche ikitua polyester inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ovaroli inayozeeka vizuri inataka pamba tupu au karibu tupu, ya uzito wa gramu 350 hadi 450 kwa mita ya mraba kama ni jinzi ya Arusha ya baridi. Moshi, ambako ni chini zaidi na Februari haina huruma, hata gramu 250 zinatosha, na chagua ile ya mikanda isiyo na mikono.

Pamba tunayo. Simiyu, Shinyanga na Mwanza wanailima, na sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi. Arusha penyewe pana kiwanda cha Sunflag tangu miaka ya 1960, kwa hiyo kusokota na kufuma si elimu ngeni mjini hapa. Ila mwenye duka la rejareja analeta kinachoulizwa, na wateja wake wanauliza rangi na bei. Ndiyo maana naona afadhali marafiki wachache wachangie jora moja la pamba nzito kuliko kila mmoja kuhangaika na mita zake tatu au nne.

Ukishalipata, usilipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Pamba ambayo haikukazwa kiwandani inaweza kupungua hata asilimia 10 ikifuliwa mara ya kwanza, na kwenye nguo ya kipande kimoja upungufu huo unakuja kukubana palepale fundi alipoongeza vidole vyake vinne. Loweka usiku kucha, anika kivulini, piga pasi, ndipo lipelekwe kukatwa. Na kabla ya yote hayo, ukiwa bado dukani na muuzaji anaapa kwamba ni pamba mia kwa mia, omba nyuzi mbili za ukingoni utoke nazo nje uziwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Ikijikunja, ikanuka plastiki na kuacha kipunje kigumu cheusi, rudisha jora na umwombe akuonyeshe lingine.